Salamu au Swali? Lugha na Uhalali wa Hojaji ya Afya ya Jumla katika Mang'ola

Ikisiri

Hojaji za afya ya jumla, ambamo mtu hujieleza mwenyewe hali yake, zimekuwa zikitafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miongo miwili. Uhalali wake kwa kawaida hupimwa kwa takwimu. Makala haya yanadai kwamba katika jamii ya wingilugha kama Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, sehemu kubwa ya uhalali huo huamuliwa na mambo ya kiisimu yasiyoonekana katika takwimu: adabu ya salamu, wigo wa kitenzi kuumwa, jibu la swali la ukanushi, na maana ya neno kawaida. Makala yanafafanua mambo hayo kwa mifano, kisha yanaonesha namna yanavyoweza kuingizwa katika upimaji wenyewe.

1.0 Utangulizi

Hojaji ya afya ya jumla ni orodha ya maswali kuhusu mwili, usingizi, nguvu na fikra za mtu, ambayo majibu yake hugeuzwa kuwa alama. Haihitaji damu, mkojo wala mashine, na inaweza kubebwa kwenye mkoba hadi kijiji kisicho na zahanati. Mbili zimejulikana zaidi. Ya kwanza ilitungwa na David Goldberg, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1972 ikiwa na vipengele 60. Baadaye ilifupishwa kuwa vipengele 30, 28 na hatimaye 12. Ya pili ni ile ya vipengele 36 iliyoelezwa na John Ware na Cathy Sherbourne nchini Marekani mwaka 1992, ambayo hugawa afya katika maeneo manane, yakiwamo utendaji wa mwili, maumivu, uchangamfu na afya ya akili. Hiyo ya pili ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Tanzania, na matokeo ya kuijaribu miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam yalichapishwa mwaka 1999 na Anita Wagner, Kaspar Wyss na wenzao.

Swali moja la aina hii, lile linalomtaka mtu akadirie afya yake kwa ujumla, lina nguvu ya kushangaza. Ellen Idler na Yael Benyamini walipopitia tafiti 27 mwaka 1997, waliona kwamba katika nyingi kati yake jibu la swali hilo lilibashiri vifo hata baada ya magonjwa yanayojulikana kuzingatiwa. Basi si swali la kupuuzwa. Lakini nguvu hiyo inategemea sharti moja, kwamba aliyeulizwa amesikia swali lilelile lililokusudiwa na muulizaji.

Istilahi uhalali yenyewe inaweza kupotosha kidogo. Halali ni kinyume cha haramu, na msomaji anaweza kudhani kwamba hojaji ikishahalalishwa imehalalika daima, mithili ya ndoa iliyofungwa mbele ya mashahidi. Sivyo. Uhalali ni sifa ya matumizi: hojaji huwa halali kwa watu fulani, kwa lugha fulani, kwa uamuzi fulani utakaofanywa kutokana na alama zake. Iliyothibitika Dar es Salaam haijathibitika Mang'ola kwa sababu tu miji yote miwili inazungumza Kiswahili.

Kinachoamuliwa si kidogo. Alama hizo hutumiwa kusema ni kundi gani lina afya mbovu zaidi, wapi pajengwe zahanati, nani ana dalili za sonona na nani hana. Kosa la lugha hugeuka kuwa kosa la mgawanyo wa huduma, na wanaoumia nalo ni wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza.

2.0 Mang'ola na Kiswahili chake

Mang'ola iko upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Eyasi, katika Wilaya ya Karatu, ikipakana na Ngorongoro. Chemchemi zake hunywesha mashamba ya vitunguu yanayovuta vibarua na wafanyabiashara kutoka mbali. Ni vigumu kupata mahali pengine Afrika ambapo lugha zilizotofautiana kiasi hiki zinaishi umbali wa kutembea kwa mguu. Wahadzabe wana lugha yenye vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Wadatoga, wafugaji, wana lugha ya Kinilo cha Kusini. Wairaqw, wanaoitwa pia Wambulu, wana lugha ya Kikushi cha Kusini. Wanyisanzu, Wanyiramba, Wasukuma na wengine wana lugha za Kibantu. Hata tahajia ya jina la kijiji cha Qang'dend, karibu na Barazani, humwonya msomaji kwamba ametoka nje ya fonolojia ya Kiswahili.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifika hapo katika miaka ya 1960. Morimichi Tomikawa aliandika kuhusu Wadatoga wa Mang'ola, na Naomichi Ishige alichapisha mwaka 1969 makala kuhusu mchakato aliouita uswahilishaji, yaani namna watu wa asili mbalimbali walivyokuwa wakipata maisha ya pamoja chini ya lugha na desturi za Kiswahili. Mchakato huo umeendelea tangu hapo kwa njia ya shule, soko, siasa na redio, lakini haukumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja. Kijana wa Kiiraqw aliyesoma sekondari Karatu na bibi wa Kidatoga anayekijua Kiswahili cha mnadani wote huandikwa kwenye fomu kuwa wanazungumza Kiswahili.

Kiswahili cha mnadani kina msamiati wa bei, idadi, mifugo na salamu. Hakina lazima ya kuwa na msamiati wa hisia za ndani. Hapa ndipo hojaji inapokwama kwanza: inamuuliza mtu mambo ya moyoni kwa lugha anayoitumia kununulia chumvi.

3.0 Salamu inapojibu badala ya mtu

Swali la kwanza la hojaji nyingi huhusu afya kwa ujumla. Kwa Kiswahili, swali hilo linaangukia mahali ambapo lugha tayari imejaa. Hujambo, habari za afya, hali yako, u mzima: yote haya kwa umbo ni maswali ya afya, na kwa dhima ni salamu. Jibu lake limepangwa na adabu kabla hayajaulizwa. Mtu aliyefiwa jana hujibu nzuri, kisha ndipo husema kwamba wamefiwa. Mfuatano huo si uongo. Jibu la kwanza hupokea uhusiano, na la pili hutoa habari.

Mdadisi akifika bomani, akasalimu, akakaribishwa, kisha akasoma swali la kwanza, ana uwezekano mkubwa wa kupewa nusu ya kwanza tu ya mfuatano huo. Kama fomu ina viduara vitano na mhojiwa amesema nzuri, kiduara huzungushwa na swali la pili husomwa. Ile ila ambayo ingefuata, nzuri ila mgongo umenikaba tangu mavuno, hukatwa na haraka ya fomu.

Hujambo linastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa umbo ni ukanushi: huna jambo? Na jibu ni ukanushi: sina jambo. Lugha imechagua kuuliza afya kwa kukanusha shida, na kujibu kwa kukanusha shida, hivi kwamba kukiri shida kunahitaji mtu avunje umbo lenyewe. Zaidi ya hapo, hajambo husemwa pia juu ya mgonjwa aliyepata nafuu. Mgonjwa hajambo leo maana yake si kwamba amepona. Kwa hiyo anayesema sijambo kidogo anaweza kuwa anaeleza ugonjwa mzito unaoelekea kulegea, na mdadisi anayeyasikia maneno hayo kama dalili ya afya njema amekosea kwa hatua mbili au tatu za skeli.

Kuna pia majibu ambayo hayana kiduara kabisa. Namshukuru Mungu. Tunaendelea. Hivyo hivyo tu. Tunasukuma siku. Kila moja lina kiimbo chake, na wasikilizaji wazoefu hujua kutofautisha namshukuru Mungu ya aliyeridhika na ile ya aliyechoka kulalamika. Fomu haijui. Tena mengi kati ya majibu haya huja katika wingi: tunaendelea, hatujambo. Hojaji inayomwita mtu ajieleze yeye peke yake hupokea taarifa ya kaya nzima iliyovaa sauti ya mtu mmoja. Mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kusema hali si nzuri ilhali mwili wake mwenyewe hauna tatizo. Atahesabiwa mgonjwa, na katika takwimu ataonekana kuwa kosa la nasibu.

Nomino inayotumiwa nayo ina historia yake. Afya ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha leo cha Tanzania limeshikamana na taasisi: kituo cha afya, wizara ya afya, bwana afya anayekagua vyoo. Wakati huohuo, kusema fulani ana afya mara nyingi ni kusema kwamba amenenepa. Mhojiwa mwembamba aliye mzima kabisa anaweza kusita kudai ana afya. Uzima lingekuwa mbadala wenye mizizi ya Kibantu, lakini -zima hubeba pia maana ya kuwa hai na ya kuwa mtu mzima kwa umri. Siha ni zuri kwenye maandishi, na wachache wangelielewa Barazani. Hakuna neno safi. Lililo bora zaidi ni kuliacha swali la jumla lije mwishoni mwa hojaji, baada ya maswali ya viungo na shughuli, wakati salamu imekwisha kupoa na mhojiwa amekwisha kufahamu kwamba anaulizwa kweli.

4.0 Kuumwa, homa na mawazo

Hojaji ya vipengele 36 hutenga maumivu ya mwili na afya ya jumla kama maeneo mawili. Takwimu za uhalali wa muundo hutarajia maswali ya maumivu yaambatane yenyewe kwa yenyewe zaidi kuliko yanavyoambatana na maswali ya afya ya jumla. Katika Kiswahili cha bara, kitenzi kimoja hufanya kazi zote mbili. Uma ni kung'ata na kutia uchungu. Katika kauli ya kutendwa, naumwa kichwa ni maumivu ya mahali maalumu, lakini naumwa pasipo yambwa ni kusema mimi ni mgonjwa, hata kama hakuna panapouma. Swali la iwapo mtu ameumwa kwa wiki nne zilizopita linaweza kujibiwa ndiyo na mwenye malaria, mwenye kikohozi, na mwenye jino bovu. Mtakwimu akiona maeneo mawili yameungana, atahitimisha ama kwamba Watanzania hawatenganishi maumivu na ugonjwa, ama kwamba hojaji ni mbovu. Yote mawili ni mahitimisho mazito mno kwa tofauti inayoweza kutatuliwa kwa kuandika maumivu mahali pa kuumwa, na kutaja kiungo.

Homa ni mfano unaofahamika zaidi. Peter Winch na wenzake walionesha mwaka 1996, kutokana na utafiti wa Bagamoyo, kwamba istilahi za wenyeji za magonjwa ya joto hazilingani na mipaka ya kitabibu: homa ilikuwa na wigo mpana kuliko malaria ya waganga wa hospitali, na degedege la watoto halikuhesabiwa na wengi kuwa sehemu ya malaria. Hiyo ilikuwa pwani, kwa watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Mang'ola, ambako neno lilelile huingia kichwani likipitia Kiiraqw au Kidatoga, hakuna sababu ya kutarajia mipaka iliyo wazi zaidi.

Upande wa akili mambo yamechunguzwa zaidi, na kwa manufaa. Sylvia Kaaya na wenzake walipima mwaka 2002 uhalali wa orodha ya dalili ya Hopkins miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi Dar es Salaam, kisha mwaka 2008 wakachapisha kipimo kilichotengenezwa nchini chenye vipengele 19 cha kutambua sonona. Hatua ile ya pili ndiyo yenye funzo. Badala ya kuuliza kama dhana ya kigeni imetafsirika, huulizwa watu wa mahali husemaje wanapoeleza dhiki hiyo. Majibu katika Kiswahili huelekea kwenye mawazo. Ana mawazo si kusema kwamba anafikiri. Ni kusema kwamba fikra zimemwelemea. Kuwaza sana huambatana na kukosa usingizi, kukonda, moyo kwenda mbio. Sonona, ambalo sasa ni istilahi ya kitabibu, linatokana na kitenzi cha maumivu na majonzi kilichokuwapo zamani, lakini kama jina la ugonjwa halijafika mbali na kuta za hospitali. Msongo wa mawazo limefika mbali zaidi kwa msaada wa redio. Mkulima wa vitunguu aliyekopa mbegu na bei ikaanguka ataeleweka mara moja akisema ana mawazo. Akiulizwa kama ana sonona, atauliza ni ugonjwa gani huo.

5.0 Ndiyo, hapana na kawaida

Hojaji ya Goldberg ya vipengele 12 ina vipengele sita vilivyoelekezwa kwenye hali njema na sita vilivyoelekezwa kwenye shida. Kanuni ya kuchanganya mielekeo miwili ni nzuri: humzuia mtu kusema ndiyo kwa kila kitu. Tatizo huanza pale mfasiri au mdadisi anapogeuza kipengele cha shida kuwa swali la ukanushi. Chukua swali: hulali vizuri? Katika Kiswahili, ndiyo huafiki kauli kama ilivyosemwa. Ndiyo, silali vizuri. Hapana hupinga kauli: hapana, nalala. Mdadisi aliyefunzwa kwa mwongozo wa Kiingereza, ambako jibu fupi hufuata ukweli wa jambo badala ya umbo la swali, anaweza kuandika kinyume. Kosa hili ni baya kuliko makosa ya nasibu kwa sababu lina mwelekeo mmoja, na hutokea katika vipengele vilevile kila mara. Katika uchambuzi wa sababu, vipengele vya ukanushi vitajikusanya peke yake na kuonekana kana kwamba ni sura ya pili ya afya ya akili. Mjadala mrefu kuhusu kama hojaji hiyo ina sura moja, mbili au tatu umekuwa ukiendelea katika lugha nyingi, na Kenya uliingia kupitia kazi ya Amina Abubakar na Ronald Fischer ya mwaka 2012 miongoni mwa Wakenya wanaojua kusoma na kuandika. Sifa hiyo ya kusoma na kuandika haipaswi kupitwa haraka. Anayejisomea anaweza kurudia swali. Anayesomewa ana nafasi moja.

Vipimo vya majibu navyo vina matatizo yake. Goldberg alimtaka mhojiwa ajilinganishe na hali yake ya kawaida. Kama kawaida, hata hivyo, ni jibu la salamu kwa haki yake yenyewe: habari za kazi, kama kawaida. Tena kawaida ni mazoea, na mazoea yanaweza kuwa mabaya. Mwanamke ambaye hajalala usiku mzima kwa miaka mitano, akisema anakosa usingizi kama kawaida, hupata sifuri kwa njia ya asili ya kuhesabu alama. Udhaifu huu haukuletwa na Kiswahili. Mary Goodchild na Paul Duncan-Jones waliueleza mwaka 1985 wakapendekeza kwamba, kwa vipengele vya shida, kama kawaida ihesabiwe kuwa dalili. Pendekezo hilo linafaa kupewa uzito zaidi Mang'ola kuliko lilikotungwa. Kawaida ya mfugaji wakati malisho yapo si kawaida yake mifugo inapokufa kwa ukame, na kibarua aliyekuja kwa msimu wa vitunguu ana kawaida mbili, ya kwao na ya shambani. Hojaji inayouliza kawaida bila kusema ya lini huacha kila mhojiwa achague kipimo chake.

Maneno ya mara na kiasi yanahitaji umakini wa masikio. Mara nyingi na mara nyingine hutofautiana kwa silabi moja, na kwenye upepo wa Eyasi, kwa msikilizaji wa lugha ya pili, tofauti hiyo hupotea. Kidogo ni adabu kama ilivyo kiasi: nimechoka kidogo linaweza kusemwa na mtu asiyeweza kuinuka. Njeo nazo hazisaidii. Kueleza hali iliyodumu katika wiki nne, Kiswahili sanifu hutumia umbo la kitenzi ambatani, umekuwa ukichoka. Mzungumzaji wa Kiswahili cha mnadani husikia ndani yake umechoka, na hujibu kuhusu saa hiyohiyo. Ni afadhali kuuliza: tangu mwezi huu uandame hadi leo, kuna siku ulizochoka? Zilikuwa ngapi? Swali hurefuka, lakini kila kipande chake kinaeleweka.

6.0 Ngazi ambazo hazipo

Kuhusu utendaji wa mwili, maneno machache yanatosha. Asili ya hojaji ya vipengele 36 inataja kupanda ngazi za ghorofa, kusukuma mashine ya kufagilia, kucheza gofu. Kila mfasiri huyaona haya na kuyabadili. Kinachosahaulika ni kwamba mbadala lazima uwe na uzito ule ule kwa wote wanaolinganishwa. Kubeba ndoo ya maji kichwani ni kazi ya kila siku kwa mwanamke wa Barazani na si kipimo kizuri kwa mumewe. Kuchimba mizizi ya kula kwa mti uliochongwa ni kazi ya mwanamke wa Kihadzabe. Kutembea na ng'ombe siku nzima ni kazi ya kijana wa Kidatoga. Paul Bolton na Alice Tang walipendekeza mwaka 2002, kutokana na kazi yao Uganda na Rwanda, kwamba watu waulizwe kwanza ni kazi zipi mtu wa jinsia yao hana budi kuziweza, kisha orodha ya hojaji itokane na majibu hayo. Ni njia ya taabu, na ni ya haki.

7.0 Upimaji wenyewe

Tafsiri rejeshi, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka 1970, hubaki kuwa hatua ya kwanza: mmoja hutafsiri, mwingine asiyeiona asili hurudisha. Hunasa makosa ya kamusi. Hainasi salamu. Mtafsiri wa pili atarudisha swali la afya kwa ujumla kikamilifu, kwa kuwa kosa halimo katika sentensi. Limo katika tukio la kuisema.

Kigezo cha uthabiti wa ndani, kile cha Lee Cronbach cha mwaka 1951, kinaweza kudanganya zaidi. Wahojiwa wakijibu nzuri kwa adabu katika kila kipengele, vipengele vitaambatana vizuri sana, na kigezo kitapita ile 0.70 inayozoeleka kuwa mpaka wa kuridhisha. Uthabiti wa juu hapo ni uthabiti wa adabu. Kinyume chake, wahojiwa wanaojibu maswali ya ukanushi kwa usahihi wa Kiswahili, na kuandikwa kinyume, watashusha kigezo ingawa wao hawakukosea popote.

Kwa hiyo hulazimu kutafuta kigezo cha nje. Cha kawaida ni mahojiano ya daktari. Lakini daktari wa Karatu naye huuliza kwa Kiswahili, naye husalimu, naye huambiwa nzuri. Hojaji na daktari wakikubaliana, yawezekana wamekubaliana katika kosa moja. Vipimo visivyopitia maneno vina nafasi hapa, hata kama ni vya kawaida: nguvu ya mshiko wa mkono, muda wa kutembea umbali uliopimwa, kuinuka kitini mara tano. Haviwezi kupima majonzi, ila vinaweza kuonesha kama maswali ya utendaji wa mwili yanafuata mwili au yanafuata adabu.

Hatari kubwa zaidi imo katika kulinganisha makundi. Amartya Sen alikumbusha mwaka 2002 kwamba jimbo la Kerala nchini India, lenye umri mrefu wa kuishi, liliripoti ugonjwa mwingi kuliko Bihar, ambako watu hufa mapema. Waliozoea shule na hospitali hujua kuuita ugonjwa kwa jina. Utafiti ukitoa alama bora kwa Wahadzabe au Wadatoga kuliko kwa Wairaqw wa Barazani, maelezo ya kwanza ya kuchunguzwa yawe hilo, kabla ya kusifu maisha ya porini au maziwa. Masimulizi mafupi ya watu wa kubuni, yaliyopendekezwa na Gary King na wenzake mwaka 2004 na kutumiwa na Shirika la Afya Duniani katika tafiti zake, husaidia: kila mhojiwa hukadiria afya ya mtu yuleyule wa kwenye masimulizi, na tofauti za ukadiriaji hufichua tofauti za skeli. Lakini masimulizi nayo lazima yatafsiriwe, na mtu wa masimulizi anayeshindwa kupanda ngazi ataleta tena taabu ya sehemu iliyotangulia.

8.0 Lugha ya fomu na lugha ya mahojiano

Swali la iwapo hojaji ibaki kwa Kiswahili au iandikwe katika kila lugha halina jibu moja. Kiswahili kina faida ya maandishi, na baadhi ya wahojiwa wangehisi wamedharauliwa kuulizwa kwa lugha nyingine. Kisichokubalika ni hali ya kati: fomu ya Kiswahili, na mdadisi anayetafsiri papo hapo kwa Kidatoga, kila mara kwa maneno tofauti, bila lolote kuandikwa. Hapo hojaji ni nyingi kama walivyo wadadisi. Ni bora tafsiri za mdomo zikubaliwe mapema na wazungumzaji wa lugha husika, wanawake kwa wanaume, zirekodiwe, na wadadisi wazikariri.

Wanawake wanatajwa kwa sababu maalumu. Alice Mitchell ameeleza kwa kina desturi ya wanawake wa Kidatoga walioolewa kuepuka majina ya wakwe zao na maneno yanayofanana nayo kwa sauti, wakitumia mbadala. Neno la dalili lililomo katika tafsiri moja sanifu laweza kuwa neno ambalo mhojiwa fulani halitamki. Akisita, kusita kwake kutaandikwa kuwa hajui. Mdadisi anayeijua desturi atakuwa na visawe tayari. Kuna suala pia la nani anamuuliza nani. Mwanamke mzee wa Kidatoga hatamweleza kijana wa Kiiraqw habari za tumbo lake, na akiitwa Mmang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi, hatamweleza chochote. Ole Bjørn Rekdal aliandika mwaka 1999 kwamba Wairaqw kwa muda mrefu wamefuata tiba kwa majirani zao, wakiwamo Wadatoga. Kwa hiyo hata swali la mtu alikwenda wapi alipougua linahitaji nafasi ya jibu ambalo si hospitali wala duka la dawa.

Fomu itakayotumika Mang'ola ihitaji basi safu tatu ambazo kwa kawaida hazimo: lugha iliyotumika kwa kila kipengele, jibu la kwanza kama lilivyotamkwa kabla ya kugeuzwa kuwa alama, na neno lililofuata baada ya ila. Safu ya tatu ndiyo itakayochukua muda wa mdadisi, na ndiyo ya kusomwa kwanza jioni kabla ya kuhesabu chochote.